Kwa Gundi, Aliyetutungia Kurasa Zilizokosekana

Mwaka umetimia, Gundi, tangu utuache. Jina hilo ulipewa kazini kwa sababu ya vidole vyako vilivyonata, na hata nyumbani tuliishia kukuita hivyo. Leo hatukulilii. Tuna habari za kukupa, na iliyo kubwa ni kwamba mkeo anasoma.

Miaka thelathini na moja ulishona na kubandika vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji. Vilivyoharibika, vilivyokosa kurasa za mwisho au kufungwa kichwa chini, uliomba ruhusa ukaja navyo. Ulitusomea baada ya kula, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Kurasa zilipoisha kabla ya hadithi hukusita. Uliendelea kwa sauti ile ile, ukitunga mwisho kichwani. Mkeo, ambaye hakujua kusoma, hakujua mwandishi aliishia wapi na wewe ulianzia wapi. Akikuuliza, ulicheka tu.

Wiki ya pili baada ya mazishi, kaka yako mkubwa alisimama mbele ya rafu.

"Shemeji, vitabu vyenyewe vibovu, na aliyekuwa akivisoma ndiye huyo tumemzika. Nivibebe viende na karatasi chakavu, mpate nafasi ya kabati."

Mkeo alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. "Nipe mwaka, shemeji. Nikishindwa kuvisoma, beba."

"Kusoma? Kwa umri huo?"

"Huu huu. Mwingine sina."

Sisi wanao tulishika vichwa. Yeye akajiandikisha darasa la jioni, akakaa benchi moja na vijana wa gereji. Kila mara, kabla ya kufungua kitabu, alifumba macho: "Mungu wangu, nifungulie na ukurasa huu."

Alianza na vitabu vya picha. Wenzake darasani walimtania. "Mama, leo umetuletea kuku?"

"Ndiyo. Na wewe lete chako tuone kama kinataga."

Kitabu chenyewe ni kile cha kuku anayetafuta yai lake. Wewe ulituambia bata aliliiba, kisha wakapatana kulilea pamoja. Mkeo alikiazima kizima maktaba. Kumbe yai lilikuwa chini yake muda wote, amelikalia! Alicheka mpaka akavua miwani. Hapo mwandishi alikushinda, Gundi. Kubali.

Lakini riwaya ya mkunga, hapana. Ile ya mkunga aliyefukuzwa mjini kwa kusingiziwa, akarudi amezeeka. Ulituambia mji mzima ulitoka kumpokea. Kwenye kitabu kizima cha maktaba anakuta milango imefungwa, anageuka, anarudi alikotoka. Basi. Mkeo alimnunia mwandishi siku tatu.

"Ameandika vizuri," alimwambia mwalimu wake. "Milango ile niliisikia ikifungwa. Ila sikubali. Mtu amezalisha mji mzima, akose hata mmoja wa kumfungulia?"

Mwalimu akasema kitabu ndivyo kilivyo.

"Najua kilivyo, mwalimu. Nimekisoma. Ndiyo maana nakataa."

Alimwomba Mungu msamaha kwa ile hasira. Kwa maoni yake hakuomba.

Jumamosi iliyopita kaka yako alikuja na magunia sita. Mkeo alimvutia kiti, akachukua riwaya yako ya mkunga, ile iliyokatika, akasoma sura ya mwisho iliyobaki. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, akirudia maneno marefu. Mwanzoni kaka yako alitazama saa. Baadaye akasahau kuitazama. Mkunga alipoingia mtaa wa kwanza, maandishi ya kiwandani yakaisha.

"Halafu?" akauliza kaka yako.

"Unataka mwisho wa mwandishi au wa mdogo wako?"

Aliyaangalia magunia kwa muda. "Wa mdogo wangu."

Mkeo akafungua ukurasa uliofuata. Ulikuwepo. Kurasa nne za daftari, ameziandika kwa mkono wake na kuzishonea humo kwa sindano yako ya kazi. Mshono umepinda; ungemcheka. Akasoma mpaka mji mzima ukatoka, na kaka yako akajifanya ana mafua.

Magunia yalirudi matupu. Vitabu vyako havitoki ndani ya nyumba hii, na atakayetaka kujua kwa nini, aje, avute kiti, asomewe.

Tunaokukumbuka ni mkeo, mwanafunzi wa darasa la jioni. Wanao watatu na wakwe zako. Wajukuu wako watano, ambao wote wanasema bata ndiye mwizi na hawataki kusikia lingine. Kaka yako mkubwa. Na mafundi wenzako wa kiwandani.

Mungu akupumzishe pema. Kukusahau, hilo hatufanyi.