Patipati Zenye Pengo

Jumatatu, 3 Machi
Nimekata miche minne ya sabuni kwa waya. Vipande saizi ya kibiriti. Kila chumba cha loji kipande kimoja, taulo moja, na patipati nilizokata pengo kwa kisigino. Hiyo pengo ndiyo polisi wetu. Dereva akijisahau atoke nazo, geti lote linapiga kelele, "Boss, rudisha viatu vya watu!" Hapa Salgaa sijaona aibu kubwa kama hiyo. Miaka kumi na tisa nakata. Madereva wananiita Mzee Kipande. Naitika.

Jumatano, 5 Machi
Sheila, binti wa mwenye loji, amekuja na fundi. Wanafunga chupa kwa ukuta wa kila bafu. Sabuni ya maji. Unabonyeza, inatema kama ng'ombe mwenye mafua. Nimemwambia hivyo. Hakucheka.
Patipati pia zinaenda. Wageni watapewa za kitambaa cheupe, wavae mara moja zitupwe. Viatu vya malaika, kwa watu wa lori za viazi!
Halafu akasema chumba changu kando ya tangi kitakuwa cha wageni. "Mzee, kukata kumeisha. Si mtoto wa ndugu yako ako Molo?"
Ako. Baridi pia iko. Sitaki Molo.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimefurahi. Kariuki, dereva wangu wa siku nyingi, amemimina sabuni yote ya ukutani kwa chupa ya soda akaenda nayo. Nani alimwonyesha kifuniko kinafungukia wapi? Tuache hayo. Nikaenda kwa Sheila na uso wa matanga. Nikamwambia, kipande hakiibiwi. Akaandika kitu kwa simu.

Jumamosi, 8 Machi
Kumbe Sheila alikuwa anaagiza kufuli. Kila chupa sasa iko na yake. Hiyo akili nilimpa mimi. Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nilingoja madereva walalamike. Wapi! Wanatoka bafu wananuka maua, wanachekeana. Kariuki nilimpa kipande kwa siri. Akakirudisha. "Mzee, hii inakwaruza." Miaka yote hiyo haikumkwaruza. Nimeumia.
Nikaenda kwa mwenye loji mwenyewe, Mama Sheila. Aliangalia vidole vyake. "Mzee, siku hizi ni mtoto anaamua." Anamwogopa mtoto wake. Hata mimi namwogopa.

Jumanne, 11 Machi
Nimekata mche mmoja bila kutumwa. Vipande kumi na viwili. Vizuri sana, kona zimenyooka. Hakuna wa kumpa. Nimeviangalia mpaka chai ikapoa. Sina la kufanya. Hiyo tu.

Ijumaa, 14 Machi
Naandika nikiwa Molo. Baridi ni ile ile niliyosema.
Asubuhi nilikunja waya nikaweka mfukoni. Viatu vyangu nikavitia kwa gunia. Nikavaa patipati za zamani za chumba namba tatu, zile zenye pengo kubwa kabisa. Nikavuka uwanja polepole, mchana kweupe. Hapo geti nikasimama, nikajikuna kisigino.
Askari aliangalia miguu yangu. Aliona. Akafungua geti. "Safari njema, mzee."
Nikaenda hatua kama kumi. Nikangoja kidogo.
Hakuna aliyeniita.