Msafara Si Barabara

Kabula,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kujuliana hali. Yako naijua. Yangu utaiona humu humu, sina nguvu ya kuipanga vizuri. Dhumuni hasa ni kwamba nina swali la kazi, na wa kumwuliza ni wewe tu. Nilimpelekea mhandisi wetu, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Limi, fanya utakavyoona inafaa." Unamjua. Jambo likimshinda anakugeuzia wewe.

Swali lenyewe nitalifikia. Acha kwanza nilalamike, maana ndivyo tulivyokuwa tumegawana, mimi kulalamika na wewe kunicheka.

Yale mawe yetu mawili ya kupimia magari kwenye barabara ya Mwanhuzi, lile la mwisho wa maduka na lile la karibu na kalavati, chokaa inatoka. Wewe ndiye uliyekuwa ukiyapaka, huku ukigombana na mbuzi wanaoyalamba. Mimi sijayapaka. Nikishika brashi naona kama nakunyang'anya kitu chako. Na juzi yule mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, anayetuachia tupande kwenye ghorofa lake lisilokwisha, kaniuliza, "Mwenzio yuko wapi siku hizi?" Kumbe hajasikia! Bariadi hii ambayo ukinunua viatu vipya asubuhi, mchana mtaa mzima unajua bei, yeye hajasikia. Nikamwambia umesafiri, uko kwenu Lingeka. Akauliza utarudi lini. Nikapanda ngazi. Nilipofika juu nikakaa kwenye tofali nikalia mpaka kitenge kikalowa, mimi mtu mzima, mafundi wananiangalia.

Huko juu ndiko kulikuwa kwangu, na chini barabarani ndiko kulikuwa kwako. Unaikumbuka siku ile tulipofundishwa kazi? Mhandisi alisema hakuna haja ya kukaa kutwa nzima kuhesabu kila gari linalopita. Ukijua magari mangapi yako kati ya jiwe na jiwe kwa wakati mmoja, na ukijua yanakwenda kwa mwendo gani, zidisha, utapata yanayopita kwa saa. Sisi wengine tukakodoa macho. Wewe ukasema, na ile sauti yako ya Kimeatu isiyojua kunong'ona, kwamba mbona hilo kila aliyechunga analijua. Ukiwaangalia ng'ombe walivyobanana na wanavyotembea, unajua josho litapata kazi kiasi gani kabla ya jua kuwa kali. Watu walicheka, lakini toka siku ile mhandisi akawa anafundisha kwa ng'ombe wako.

Mimi nikapewa kupiga picha kutoka ghorofani na kuhesabu magari yaliyomo. Wewe ukapewa saa ya kupimia mwendo. Kabla hata ya chakula ulikuwa umeshanibatiza Msongamano, kwa ajili ya mwili wangu huu. Nami nikakuita Mwendo, kwa sababu hujapata kunisubiri njiani hata siku moja. Tulikuwa tukitoka wote nyumbani, nikifika kazini nakukuta umekaa kwenye jiwe unakula matobolwa yangu, viazi vyangu vikavu.

Hata safari hii hukunisubiri. Nimekasirika, Kabula. Watu wananiambia nishukuru kwa kila jambo, nami naitikia amina, lakini wewe sikufichi. Nimekasirika sana.

Sasa swali. Linahusu misafara.

Unakumbuka harusi yangu iliangukia katika wiki ya upimaji, vibarua wakatushikia zamu. Wewe ulikuwa msimamizi wangu, tumekaa wote kiti cha nyuma, unanifuta jasho ili poda isitiririke. Tukapita kati ya mawe yetu wenyewe, honi zinalia, bodaboda zimewasha taa, na mimi nimemwambia dereva aende taratibu. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Nikarudi kazini na mikono bado ina hina, nikafungua faili kwenye kompyuta nitazame saa ile ya harusi yangu. Haipo! Umeifuta. Nikakuuliza kwa nini, ukanijibu bila hata kunitazama, "Msafara si barabara, Limi." Ukasema sisi tunaulizwa barabara inaishije siku zote, hatuulizwi ilikuwaje siku mtu fulani alipofurahi. Kwenye ile nafasi ya kuandika sababu ya kufuta, ambapo wengine huandika neno moja tu, wewe ukaandika: "Msafara wa harusi. Mwendo mdogo: bibi harusi alitaka kuonwa." Mhandisi alipoisoma alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikanuna. Nilikununia kwelikweli, ukawa unanisalimia "mwangaluka" kila asubuhi na mimi naangalia pembeni, mpaka uliponiletea karanga za kukaanga nikashindwa.

Nakuja kwenye jambo lenyewe sasa, nivumilie.

Ulipolazwa kwa ile homa hakuna aliyedhani kwamba hutatoka. Ulinitania pale kitandani, ukaniambia nisiguse saa yako kwa sababu vidole vyangu vinene vitabonyeza vitufe viwili kwa mpigo. Nikakuahidi uji. Asubuhi nikaja na chupa ya uji, nikakuta kitanda kimeshatandikwa. Nilisimama pale na ile chupa. Muuguzi akanishika bega. Mpaka leo uji wa ulezi siwezi kuunywa, mume wangu ananipikia chai.

Pale kwenu Somanda watu walijaa mpaka barabarani. Waliofiwa, majirani, kwaya, watu wa kazini, hakuna pa kuweka mguu. Na hakuna kilichokuwa kinakwenda. Watu wamekaa kwenye mikeka wanatazama chini. Baada ya mazishi nikarudi pale kumsaidia dada yako kufunga vitu, uani hamna mtu, jamvi limekunjwa, kuku tu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwafundisha vibarua wapya: barabara tupu jibu lake ni sifuri, na barabara iliyoziba kabisa jibu lake ni sifuri vilevile, msidanganywe na wingi. Nilikuwa nadhani hayo ni ya magari.

Wiki ile nayo ilikuwa ya upimaji. Haikuweza kuahirishwa, kwa hiyo mhandisi akatafuta vibarua wawili wa mjini, mmoja akakaa ghorofani kwangu na mwingine akakaa kwako na saa yako. Hawakukujua. Sisi tukatoka Somanda kukupeleka Lingeka. Wewe ukiwa mbele kwenye pikapu, mimi gari la pili na mama yako, kanishika mkono. Nyuma yetu magari, na nyuma ya magari bodaboda za kijiweni kwenu zote, hata wale uliokuwa ukiwafokea kwa kukimbiza. Siku hiyo walikwenda pole, wamevua kofia.

Tulipofika kwenye jiwe la kwanza nikajikuta nahesabu. Haki ya Mungu sikupanga. Gari likapita jiwe na midomo yangu ikaanza yenyewe, moja, mbili, tatu, kama ulivyokuwa ukihesabu sekunde kwa mdomo saa ilipoisha betri. Nikahesabu mpaka jiwe la pili. Mama yako akaona midomo inacheza, akadhani nasali, naye akaanza kusali. Sijamwambia. Mayu, mama wa watu, alinibana mkono akisema amina kwa kila namba yangu.

Faili la wiki ile likaja mezani kwangu nilisafishe, niondoe yasiyo ya siku zote. Nililikwepa nikafanya mengine yote. Mwisho nikalifungua, na hapo ndipo kiliponiumiza kitu ambacho sikukitegemea. Nilidhani nitaiona ile saa ya msafara wako imejitokeza, imevimba, kila mtu ataiona. Nikatazama safu ya mwisho, ile ya magari yanayopita kwa saa, ambayo ndiyo mhandisi huisoma. Ilikuwa ya kawaida kabisa. Magari yalikuwa mengi kati ya mawe, yamefuatana, lakini mwendo nao ulikuwa chini, na vilipozidishwa jibu likatoka lilelile la siku zote. Umeelewa? Siku tuliyokuzika, barabara ilisema hakuna jambo. Nikapiga meza. Mhasibu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia nyoka, akakimbia.

Ni mpaka utazame mwendo peke yake na msongamano peke yake ndipo unaona kwamba pale palipita kitu kizito. Na katika ile orodha ya mwendo, mbele kabisa ya msafara, kuna gari dogo la mizigo limepimwa kutoka jiwe hadi jiwe. Ni wewe hiyo. Umewapima watu wa Bariadi miaka yote, nawe ukapimwa, kwa saa yako mwenyewe, na mtu asiyekujua.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Nifute?

Nikiiacha, hakuna atakayegundua, jibu la mwisho halibadiliki. Utabaki humo. Kila nitakapofungua faili nitakuona unapita. Nikiifuta, nafuta kwa mkono wangu kitu cha mwisho ulichokifanya kwenye barabara yetu. Nimebishana na wewe usiku na mchana, Kabula. Nimekwambia hii si harusi. Nimekwambia na wafu nao wanaitumia barabara, ni ya kila mtu. Nimekwambia kwani kuna ubaya gani, saa moja tu. Nikakusubiri ujibu, nikawa nasikia neno lako moja lilelile, hunitazami, unakula karanga.

Maana najua ungesemaje. Mtu atakuja kuisoma orodha ya mwendo akadhani saa ile barabara huwa imekwama. Atapanga mambo kwa kutufuata sisi, na sisi tulikuwa tunalia. Leo asubuhi nimepita pale. Lori la pamba limenipita mbio, bodaboda ikalikata upande usio wake, mwanamke ana mkokoteni anavuka anawatukana wote wawili kwa Kisukuma. Hiyo ndiyo barabara. Inaishi bila wewe, na inatakiwa ihesabiwe hivyo. Uchungu wake huo, lakini kweli ni kweli.

Nakuaga, Mwendo. Wabeja, asante kwa yote, hata kwa karanga, hata kwa harusi yangu uliyoifuta. Nakuahidi kesho nitayapaka yale mawe, mbuzi wayalambe wakitaka. Saa yako nimeichukua mimi, nimeshuka chini, ghorofani nimempandisha mwingine, na vidole vyangu vinene vinajifunza. Pamba ikiisha kuvunwa nitakwenda Lingeka kumwona mama yako, na nitamwambia ile siku nilikuwa nahesabu. Nadhani ataniambia ni kitu kimoja.

Na nimeifuta, Kabula. Nimeifuta sasa hivi, kabla ya kumaliza barua hii, ili nisije nikarudi nyuma. Ile nafasi ya sababu sikuiacha wazi, wala sikuandika neno moja. Nimeandika kama ulivyonifundisha:

"Msafara wa mazishi. Mwendo mdogo: hakuna aliyetaka kufika."

Msongamano wako,
Limi