Maneno Thelathini kwa Dakika

Jumanne, 2 Juni 1964

Saa ya chakula nimepiga taipu tena. Wenzangu wakienda kula, mimi karani wa mafaili nabaki na mashine ya Bi Dorothi, mpiga chapa wetu Mwingereza. Yeye mwenyewe kaniruhusu, sharti nisitazame vidole. Leo nimefunika mikono kwa leso. Mistari sita, kosa moja tu! Nusura nipige kigelegele humu katika ofisi ya wilaya.

Ijumaa, 5 Juni

Habari kubwa. Bi Dorothi arejea kwao mwisho wa mwezi. Karani mkuu, Bwana Mwakio, kabandika tangazo: anatakiwa mpiga chapa mpya, mtihani Alhamisi tarehe 25, maneno thelathini kwa dakika. Yeyote aruhusiwa. Yeyote! Nimeandikisha jina kabla sijapata muda wa kuogopa. Makarani wanaume wamecheka. Na wacheke.

Jumatano, 10 Juni

Bi Dorothi kanipima kwa saa yake. Maneno ishirini na mawili. Machache mno. Nyumbani sina mashine, basi nimechora herufi zote juu ya kipande cha boksi, kila moja mahali pake, nagonga hapo mezani tangu nitokapo kazini hadi magharibi. Shangazi Mwanakombo, ambaye nakaa kwake hapa Kwale, kasimama mlangoni akinitazama.

“Wewe Mwanamisi, meza imekukosea nini?”

Nimecheka hadi nimepoteza mstari.

Jumanne, 16 Juni

Ishirini na saba! Kidole kidogo cha kushoto chauma kweli. Kiingereza hakikichoshi hivi. Kiswahili kimejaa a, na kila a ni mzigo wake yeye, mnyonge kuliko wote. Lakini kinapata nguvu, nakihisi.

Nimesikia kuna mwanamume wa Mombasa aliyejiandikisha. Kasomea chuoni, apiga arubaini. Nimemwonea wivu mtu nisiyemjua hata kwa sura.

Jumapili, 21 Juni

Nimejikata. Nilikuwa nakuna nazi, akili iko kwenye herufi, mkono ukateleza kwenye meno ya mbuzi. Kidole cha shahada cha kulia. Damu nyingi. Hicho ndicho kidole cha n, cha u, cha m. Nitaandikaje Kiswahili bila m? Nimelia kwa hasira, si kwa maumivu.

Jumatatu, 22 Juni

Asubuhi nilitaka kulifuta jina langu. Bwana Mwakio hakuwapo. Nimerudi nyumbani nikamwambia shangazi basi, yamekwisha. Kaketi kitako mbele yangu.

“Mimi ndiye niliyekutuma nazi. Lete hilo boksi lako. Andika: Kwa ndugu yangu mpenzi, Msambweni, salamu nyingi baada ya salamu…”

Kaanza taratibu, kisha kwa kasi, habari za mbuzi wake, za goti lake, za jirani aliyehamia Ramisi. Nami nimefuata kwa vidole tisa, kidole cha kati kikifanya kazi ya mwenzake. Mwanzo ovyo. Mwisho nikawa namfikia. Kachoka yeye kwanza!

Alhamisi, 25 Juni

Mtihani. Tulikuwa wawili tu. Yule wa Mombasa, Bwana Athumani, kavaa tai. Karatasi ya kwanza Kiingereza: kengele ya mashine yake, ile ya mwisho wa mstari, yalia mfululizo, yangu kwa nadra. Nimepata ishirini na tisa. Neno moja pungufu.

Bwana Mwakio akatoa ya pili. Kiswahili! Asema tangu uhuru barua nyingi zinakwenda kwa wananchi, na wananchi wanataka kuzielewa. Bwana Athumani akasita, akatafuta, akafuta. Mimi nimekwenda kama aliyesukumwa. Thelathini na nne. Kidonda kimefunguka, tone la damu pembeni mwa karatasi. Sikukijali.

Tulipotoka kaniuliza, “Dada, hilo neno ng'ombe walipigaje bila kusimama?” Nimemwonyesha kwa vidole hapo hapo ukutani. Muungwana. Sitaki tena ashindwe, ila nataka nishinde mimi.

Ijumaa, 26 Juni

Hakuna majibu. Nimeweka mafaili mawili mahali pasipo pake. Siwezi kula.

Jumatatu, 29 Juni

Nimepata! Nimepata! Bwana Mwakio kaniita mbele ya wote. Kiingereza nitaongeza, asema, lakini Kiswahili changu ndicho safi. Nimepanda kilima mbio na baibui mkononi kama mtoto. Shangazi kapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa.

Jumatatu, 6 Julai

Siku ya kwanza mezani kwa Bi Dorothi. Barua moja tu, kwa watu wa Mkongani, habari za kisima chao. Nimeipiga taratibu. Bwana Mwakio katia sahihi yake. Chini kabisa, kushoto, pale pa alama ya mpiga chapa, nimegonga herufi mbili ndogo: mj. Mwanamisi Juma. Huko Mkongani hakuna atakayezitazama. Nimeikunja barua, nikaitia kwenye bahasha.