Jeneza la Daktari Ukungu

Erie, Pennsylvania
22 Novemba 1966

Kaka yangu mpendwa Stanley,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Goti lake limepata nafuu. Shemeji na watoto je, mafua yamewaachia? Mimi mwili ni mzima.

Gus Pavlik amefariki. Ndiyo, yule yule mtangaza hali ya hewa, ambaye kila Jumamosi mchana alijipaka unga usoni akawa Daktari Ukungu, akionyesha filamu za kutisha kwenye kituo chetu cha televisheni. Nami, kama ujuavyo, ndimi niliyekuwa Mjane wake mwenye shela jeusi, kazi yangu kumfungulia jeneza atoke.

Jumamosi ya tarehe 12 tulikuwa hewani moja kwa moja, studio imejaa watoto na wazazi wao. Asubuhi alilalamika kifua. Nikamwambia, "Gus, nenda nyumbani." Akanicheka: "Mjane gani anamfukuza maiti wake?" Akaingia jenezani, nikafunika. Akabisha, watu wakaangua kicheko. Nilipofunua, alikuwa macho wazi, mdomo umepinda. Watoto wakapiga makofi. Stanley, walipiga makofi! Nikamgusa shavu, unga ukabaki vidoleni. Nikapiga yowe, nao wakazidi kucheka.

Daktari wa kweli alisema ni moyo. Siku ya mazishi, mkewe Irene alinikumbatia kanisani akasema, "Ahsante, Loretta. Angalau alikufa akisikia watu wanacheka."

Kaka, sasa nikueleze nisilomwambia hata mama. Desturi yetu ilikuwa abishe mara tatu, nifungue. Siku hiyo alibisha mara tatu, nami nikakalia kifuniko. Watu walivunjika mbavu, nikanogewa. Akabisha tena. Kisha akaita, "Loretta." Siyo Mjane. Miaka sita hewani hakuwahi kuniita jina langu. Nililisikia vizuri kabisa, nikabaki nimekaa, nikimpungia mkono mpiga picha.

Jana nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Irene nikamweleza yote. Alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza Gus aliita mara ngapi. Nikasema mara mbili; ile ya pili nilishindwa kukuandikia hapo juu. Akaweka kisu chini, akasema kwa upole, "Nenda zako. Usirudi hapa."

Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Nibusie watoto, na shemeji mpe mkono wangu.

Ni mimi dada yako,
Loretta