Usisafishe Tumbo la Ndege

2 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na studio inaamka mapema kuliko jirani zake, kama kawaida. Mimi mzima, ila shingo inauma, na sababu utaisoma hapo chini.

Nimefika kambini. Getini nilikwama kwa sababu yako. Askari aliitazama picha ndogo ya kitambulisho uliyonipiga, akanitazama mimi, akauliza, "Huyu ni pacha wako?" Ulinifuta baka la shavuni, baba. Nikamweleza kuwa baba yangu ni mpiga picha, husafisha kila uso unaoingia studio. Akasema, "Basi mwambie amesafisha mpaka amekutoa."

Kazi yenyewe ni ya majaribio, miezi mitatu. Napanda kiti cha nyuma cha ndege ya kivita, nyingine inaruka ubavuni mwetu, nami naipiga picha kupitia kioo. Tukikata kona mwili unakuwa mzito kama nimebebeshwa watu, kamera hainyanyuki. Siku ya kwanza nilirudi na mawingu matupu. Rubani wangu tunamwita Pole, maana ndilo neno analolisema kabla hajaipindua ndege.

Picha nzuri zitaingia kwenye kalenda ya kikosi. Wakizipenda, nabaki. Wasipozipenda, nipanguzie kile kiti changu cha studio. Nimeambatanisha moja. Simu tunaziacha getini, kwa hiyo tuandikiane.

Mwanao,
Kitindamimba

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa, lakini najua hukuandika kwa ajili ya goti.

Studio hii niliianza na kamera ya kuazima na shuka la marehemu mama yako ukutani. Hakuna aliyenishika mkono, si ndugu wala serikali. Miaka thelathini na moja nimesafisha nyuso, na hakuna aliyerudi kulalamika kwamba nimemfanya mzuri kupita kiasi. Wa kwanza ni askari wako.

Na baada ya yote hayo, mrithi wangu yuko juu anafukuza vitu vinavyoikimbia hata sauti yao. Mimi mteja nikimwambia tulia, anatulia. Wako je?

Lakini ukifanya, fanya kazi ya nyumba hii. Nimeitazama picha yako kwa miwani na bila miwani. Ndege umeiweka vizuri, sikatai. Tatizo ina uchafu tumboni, mchirizi kama wa masizi. Usafishe. Hakuna anayetundika chunusi ukutani. Na picha ya asili usiitupe, hata ikiwa mbaya. Hiyo kanuni uliishika hata siku ulizokuwa unasahau kula.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Afya ipo, amani haipo. Nivumilie, salamu leo ni fupi.

Kuna mkuu wa mafundi hapa, mwanamke wa umri wako, wanamwita Mama Nati. Rubani wa ndege namba saba alikuwa analalamika kwamba usukani unakuwa mgumu kwenye kona. Mafundi wakaifungua ndege ikiwa chini, wakaikuta kavu, hakuna kinachovuja. Basi Mama Nati akanifuata. "Sisi tunaiona ikiwa imelala," akasema. "Wewe unaiona ikijikunja. Hebu nionyeshe tumbo lake."

Nikampa zile za kalenda, nilizokwisha kuzisafisha. Wala sikufikiri. Kwetu picha ya kumwonyesha mtu ni ile iliyosafishwa, ya asili ni ya kabatini. Akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akasema, "Safi kama sahani." Ndege ikaruhusiwa kuruka.

Jana imerudi na taa nyekundu, usukani umekufa nusu. Rubani ameitua. Hakuumia, lakini alipotelemka ngazi alikaa chini palepale kwenye saruji. Mkewe ana mimba, baba.

Nimekwenda kuzifungua picha za asili. Mchirizi upo, tangu ile niliyokutumia, maana nayo ni ya namba saba. Ni mafuta. Yanavuja ndege inapokata kona, kisha upepo unayakausha kabla haijatua. Ule uchafu ulioniambia niusafishe. Sikulaumu. Haya, nakulaumu kidogo.

Ndege imefungiwa bandani na hakuna anayejua hitilafu iko wapi. Nikiifunga bahasha hii nampelekea Mama Nati picha za asili. Majaribio yangu yanaisha mwezi ujao. Naona kwangu yanaisha leo.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na goti hili unalijua.

Umenilaumu kidogo. Hesabu hiyo haikukaa sawa. Mimi nilisema, wewe ulifuta. Tugawane nusu kwa nusu, na asiye na mtoto angani asiingilie.

Umefanya vyema kuzipeleka. Kama ungenyamaza, ningekuja kwa basi kuzipeleka mwenyewe, na hao walinzi wako wangenijua.

Kiti chako nimekipangusa. Nilidhani nitafurahi. Nimetaka hili tangu siku uliyofunga begi, nikakuambia utarudi kabla ya mvua, nawe hukurudi. Leo nimekikalia mwenyewe kukijaribu, nikainuka. Ni kifupi kwa mtu aliyezoea kukaa huko juu.

Niandikie wamesema nini. Mshona viatu wa mlango wa pili ananiuliza kila asubuhi. Namwambia posta imelala.

Baba yako

30 Mei

Baba mpenzi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Nilitaka niandike nikiwa na jibu kamili.

Mama Nati aliziweka picha mbili mezani, ya asili na ya kalenda, akazitazama mpaka nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Huyu uliyemfuta ndiye mgonjwa niliyekuwa namtafuta." Nikasema najua. Akauliza kama ninazo nyingine za asili. Nikamwambia ninazo zote, hata zile za mawingu.

"Nani alikufundisha kutunza takataka?"

"Yuleyule aliyenifundisha kufuta."

Hapo alicheka, baba. Sijawahi kusikia cheko tamu kama lile.

Walizipanga kwa tarehe wakaona mchirizi unavyokua, wakafuata mkia wake mpaka kwenye bomba dogo lenye ufa usioonekana ndege ikiwa imetulia. Wamelibadilisha. Namba saba imeruka wiki hii, nami nilikuwa ubavuni mwake. Tumbo kavu. Rubani wake amepata binti.

Kalenda wameninyang'anya, na nilistahili. Lakini mkuu wa kikosi amenibakiza kwa kazi ambayo haikuwapo: kila ndege naipiga tumbo ikiwa kwenye kona, na picha inakwenda kwa mafundi bila kuguswa. Pole ananiita Daktari wa Matumbo.

Nakutumia ya namba saba. Ina vumbi, ina viraka, ina rangi iliyobanduka. Ninaipenda kuliko zote.

Nina ombi. Ile picha ya mama ya ukutani umeisafisha. Najua baka langu nililitoa kwake, ila nimesahau lake lilianzia wapi. Unayo ya asili?

Kitindamimba wako

21 Juni

Mwanangu,

Marahaba, mara ngapi sijui. Goti limepoa, nadhani lilikuwa linasubiri barua.

Picha ya mama yako ni ya zama za filamu. Wakati ule tulisafisha kwa penseli iliyochongwa kama sindano, juu ya filamu yenyewe. Nikadhani basi, haina asili tena. Kisha nikakumbuka kwamba penseli ni penseli. Nikachukua pamba na spiriti, nikafunga mlango, nikapangusa polepole. Baka likatoka. Linaanzia chini ya jicho, linashuka mpaka karibu na mdomo, na linapanda anapotabasamu. Nilikuwa nimelisahau hilo la kupanda.

Nimeichapa kubwa, nimeitundika pale mteja anapoingia, na ndege yako pembeni. Asubuhi mama mmoja aliyemleta mwanawe kwa picha ya shule ameuliza kwa nini hizi mbili sijazisafisha. Nikamwambia moja ni mke wangu na nyingine ni kazi ya binti yangu, na kama anataka mtoto wake abaki na mwanya wake, bei ni ileile. Amefikiri, kisha akasema abaki nao.

Ndani ya bahasha utaikuta ya mama. Chini yake kuna ndogo nne, zako, kutoka kwenye ile ya asili niliyoitunza. Baka lipo.

Mpelekee yule askari wa getini. Mwambie nimekurudisha.

Baba yako