Mama Yupi, Baba?

Mpendwa baba,

Nakuandikia ingawa kesho nitapanda treni kuja Blacktown, kwenye nyumba ya wazee unakoishi. Nitakayemkuta ana sura yako na kikohozi chako, na bado anasusa chai isiyo na tangawizi. Lakini ninayetaka kuzungumza naye ni wewe, na sijui nikutafute wapi.

Tangu nikiwa mdogo Morogoro uliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. "Mama, njoo ule." "Mama, umefeli hesabu tena?" Wenzangu walinicheka, mimi nikavimba kichwa. Hata uliponifuata huku Sydney, neno la kwanza uwanja wa ndege lilikuwa, "Mama, mbona umekonda? Huku hawali?"

Kiingereza ulichojifunza ukubwani kimekwenda chote. Siku za wiki nazo zimekwenda. Ila Kiswahili chako hakijachuja. Juzi yule dada Mrundi anayekuhudumia alikuambia, "Mzee, chakula yako iko tayari." Ukamkazia macho: "Chakula chako kiko tayari. Nani alikufundisha?" Tulicheka, nikaamini unarudi.

Kazini kwangu, hospitali ya Westmead, nauguza wazee. Huwa nawaambia watoto wao kwamba akili haiondoki yote kwa pamoja, cha zamani hukawia kuondoka. Niliona ni faraja. Sikujua kinavyouma.

Jumapili nilipoingia nilikuamkia kama kawaida. Hukuitikia. Ulijikongoja ukasimama, ukanishika mkono kwa mikono yako miwili, ukainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Ndipo nikaelewa. Miezi yote hii nilijipa moyo kwamba umesahau vyote, lakini mimi bado unaniita. Kumbe ulikuwa unamwita bibi, na sijui tangu lini.

Mtoto hamwitikii baba yake marahaba. Nilinyamaza. Machozi yakakulengalenga. "Mama, nimekosa nini?"

Ningefanyaje, baba? Nikasema, "Marahaba, mwanangu." Ukatulia, ukala wali wote.

Sina dawa, sina ujanja, nimechoka kujifanya ninavyo. Kesho utaniamkia tena nami nitaitikia, maana ukinyimwa jibu unalia. Lakini na mimi ni mtoto wa mtu, na nyumba nzima ile hakuna wa kuniitikia.

Shikamoo, baba.

Binti yako