Mkono wa Gauni Uliomwaga Ulezi

Anti Rozina mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nivumilie nisipopanga maneno vizuri, na tafadhali nisaidie mapema kabla sijafanya jambo ambalo ukoo mzima utanilaumu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi hapa Majengo, Sumbawanga, nauza vyombo vya ndani, nina mume anaitwa Cleophas na binti yetu wa kwanza, Avelina, mwalimu kule Laela, anayeolewa mwezi wa nane, na tatizo langu ni kwamba tangu nivuke arobaini kila mtu ameamua nguo yangu ni gauni pana la kitenge na khanga juu yake basi, kama vile mwili wangu umestaafishwa bila mimi kuambiwa, wakati kwenye simu naona maonyesho ya mitindo, wanawake wanapita jukwaani na magauni ya kukufanya ushike kifua, na wengine ni watu wazima wana mvi kabisa, sasa nikajiuliza, mimi nina kasoro gani?

Basi mwezi wa sita ikaja sherehe ya somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa jumuiya yetu ya kanisani, wanawake wote tukachukua kitenge cha sare, mshono kila mtu ajijue, nikaona hapa ndipo pangu, nikampelekea fundi Benjamini picha ya gauni la jukwaani, bega moja wazi, upande wa pili mkono mkubwa uliojaa kama puto, na nyuma mkia unaoburuta, Benjamini akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Mama, hili gauni linamtaka mtu asiye na kazi," nikamwambia wewe shona, akashona, na Anti, nisikufiche, nilipendeza, hata Cleophas aliyeniuliza, "Mama Avelina, humo ndani mko wangapi?" alikuwa ananiibia macho.

Siku yenyewe Avelina akaja na basi kutoka Laela, akanikimbilia pale getini kanisani anikumbatie, nikamwambia ngoja kwanza utanikunjia mkono wa gauni, tukaingia, misa ilikuwa uwanjani kwa sababu watu walikuwa wengi, na upepo wa huku kwetu miezi ya baridi unaujua, mimi nikawa nimepangiwa kubeba ungo wa ulezi kwenye matoleo, nikapita kwa madaha, ile nakaribia altare upepo ukaingia kwenye mkono wa gauni, ukavimba, ukanivuta upande, ungo ukapinduka, ulezi wote chini, na ulezi si mahindi useme utaokota, mwenyekiti wetu Mama Evodia akaukanyaga, akateleza, akakaa chini mbele ya padri, kwaya ikashindwa kuimba kwa kucheka. Tangu siku hiyo naitwa Mama Parachuti, mpaka sokoni.

Hayo ningeyameza. Lakini juzi Avelina amenipigia simu, hata salamu hakuimaliza, akasema, "Mama, kwenye sendofu nimemwomba mama mdogo Bertila akae meza ya wazazi na baba. Wewe utakaa na wageni, uvae unavyotaka." Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Bertila ni mdogo wangu wa kunifuata, nimemlea mgongoni, leo ndiye akae kwenye kiti changu? Sasa nina mawazo mawili, ama nisiende kabisa, ama niende na gauni lile lile, mkono wake na mkia wake, nipite katikati ya ukumbi wanione vizuri. Nichague lipi?

Mama Parachuti,
Majengo.

Anti Rozina anajibu:

Marahaba, mama. Usichague hata moja. Weka simu chini unisikilize.

Haki yako nakupa kwanza. Arobaini na sita si ugonjwa, na mwanamke kupendeza hakuombewi kibali cha jumuiya. Wanaotaka ujifunike kama gunia la mahindi lililoachwa nje wakati wa mvua, waambie wajifunike wao. Lakini nani alikudanganya kwamba gauni la jukwaani linashonwa lilivyo? Lile limeshonwa lipite mara moja kwenye ukumbi usio na upepo, kisha watu walipokee na kulitundika. Yule dada wa kwenye picha hajawahi kubeba ungo Sumbawanga. Na huyo Benjamini naye nina ugomvi naye, fundi gani anaiona balaa inakuja halafu anashika mkasi?

Kutoka jukwaani chukua kitu kimoja tu, mama. Kimoja! Ukipenda mkono mkubwa, uishie kwenye kiwiko na ubanwe kwa kifungo, halafu gauni lote lililobaki litulie. Ukipenda bega, panua shingo kiasi, bega lionekane bila kupigwa na baridi. Mkia achana nao, vumbi la Majengo halina shukrani. Na baridi ikikubana, badala ya kutupia sweta juu ya nguo nzuri, shona koti fupi la kitenge hicho hicho, bitana nzito ndani, kola imesimama. Kitambaa unacho: ule mkono wa gauni na mkia wake vinatosha koti zima na chenji inabaki. Kabla hujatoka kwa fundi, livae, inama kama unayesonga ugali, kaa, inuka, cheza kidogo. Likilalamika, lirudi kwenye cherehani.

Sasa tuje kwenye jambo ulilolipita mbio. Umenieleza ulezi, upepo, mpaka Mama Evodia alivyokaa chini, na katikati ukachomeka maneno machache kwamba mtoto alikukimbilia ukamwambia ngoja. Unafikiri Avelina amekasirikia ulezi? Mtoto wa Ufipa ulezi uliomwagika ameuona tangu anatambaa. Binti anayekaribia kuondoka kwenu alimtaka mama yake, akaambiwa asubiri kwa ajili ya mkono wa gauni. Ndiyo maana amekwambia uvae unavyotaka. Nilipofika hapo niliumia, nikakukasirikia sana.

Na wewe Avelina, kama unasoma, umekosea vilevile. Kiti cha mama hakigawiwi kwa mama mdogo kama sahani ya pilau. Bertila angekuwa na busara angekukatalia pale pale.

Mama, Jumamosi hii panda basi uende Laela. Usipige simu, kwenye simu mtagombana. Beba gauni hilo na mkasi, mwambie, "Mwanangu, siku ile nilikukosea pale getini. Tuchague pamoja tukate nini na tubakize nini." Akinuna, mwache anune, kunywa chai yake, lala kwake. Usithubutu kuanza kutetea habari za bega wazi.

Siku ya kulijaribu gauni jipya, Avelina awepo pale kwa Benjamini. Ukimaliza kuinama na kukaa, bado kipimo kimoja. Mwite mwanao umkumbatie kwa mikono yote miwili, umbane mpaka kitambaa kijikunje. Gauni likikuzuia, mwachie fundi, halijaisha.